Neno "Wastani" katika Utabiri wa Mvua: Mfano wa Karatu na Ngorongoro

Miongoni mwa maneno ya kila siku yaliyochukuliwa na wataalamu wa hali ya hewa, pengine hakuna linalomgusa mkulima kama neno wastani. Katika makala haya tutaeleza lilivyopata maana mpya, na kwa nini linahitaji kusaidiwa na istilahi nyingine.

Majina ya misimu hayakuleta taabu. Masika na vuli ni maneno ya pwani, yaliyoandamana na pepo za kusi na kaskazi. Yakapanda bara pamoja na Kiswahili hadi Karatu, ambako hutaja mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba. Utabiri nalo lilikuwa neno la waaguzi na wafasiri wa ndoto kabla ya kukabidhiwa wanasayansi.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilivunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na Tanzania ikaunda idara yake, ambayo mwaka 1999 ilikuwa Wakala na mwaka 2019 Mamlaka. Mwaka 1998, msimu uleule wa mvua kubwa za El Niño, wataalamu wa Afrika Mashariki na nchi za Pembe ya Afrika walianza kukutana ili kutoa utabiri wa msimu kwa pamoja. Katika utaratibu wao, mvua za miaka 30 hupangwa kutoka haba hadi nyingi, kisha hugawanywa mafungu matatu yaliyo sawa. Wastani ni fungu la kati.

Mkulima hasikii hivyo. Kwake wastani ni mvua ya kutosha. Lakini mvua ya wastani inayokuza mahindi kwenye miteremko ya Karatu, chini ya msitu wa Ngorongoro, si ile ya bonde kame la Eyasi, ambako vitunguu vya Mang'ola hutegemea mifereji. Wala mfugaji wa Oldupai hapati majani sawa na yule wa ukingo wa kreta. Neno ni moja, mvua ni mbalimbali.

Tena, utabiri huo ni wa uwezekano. Tuchukue mfano: nafasi 45 katika 100 ni za mvua nyingi, 35 za wastani, na 20 za mvua haba. Tangazo likisema "juu ya wastani" tu, zile 20 hupotea masikioni. Mkulima aliyemaliza mbegu zake zote atasema amedanganywa, na msimu ujao hatasikiliza.

Kwa hiyo tunapendekeza istilahi theluthi ya juu, theluthi ya kati na theluthi ya chini, zikitajwa pamoja na nafasi zake na kwa kila mahali. Theluthi ni neno ambalo watu wamekwisha kulizoea katika kugawana mali. Litamkumbusha mkulima kwamba fungu la ukame halijaondolewa, naye atajua kubakiza mbegu.