Vitabu vya marehemu: Sauti ni ya mwandishi au ya mhariri?

Mnamo mwaka 1999, miaka 38 baada ya mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway kufariki, wasomaji waliletewa kitabu chake kipya, True at First Light, kinachosimulia maisha ya kambini upande wa Kenya wa Mlima Kilimanjaro. Mwaka 2005 kikatoka kingine, Under Kilimanjaro. Kambi ni ile ile, wahusika ni wale wale, na hata simba anayesakwa ni yule yule.

Mswada nao ulikuwa mmoja.

Mwandishi hakukiona hata kimoja kati ya vitabu hivyo viwili. Je, msomaji anayeingia maktabani akitaka kusoma alichokisema Hemingway kuhusu Kenya achukue kipi? Swali hili huwakabili wote wanaosoma vitabu vilivyochapishwa baada ya watunzi wao kuiaga dunia, ingawa wengi hulipita bila kulitambua kwa kuwa jalada huwa na jina moja tu.

Hemingway na mkewe, Mary, walikuja Kenya mwaka 1953, Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikiwa bado inaendelea. Januari 1954 walipata ajali mbili za ndege nchini Uganda kwa muda wa siku mbili, na baadhi ya magazeti ya ulimwengu yakatangaza kifo chake naye yu hai. Aliporejea nyumbani kwake Cuba alianza kuandika habari za safari hiyo, akafikisha takribani maneno 200,000, kisha akauweka mswada kando mnamo mwaka 1956. Alijiua Julai 1961 bila kuurudia.

Aliyekitayarisha kitabu cha kwanza ni mwanawe, Patrick Hemingway, ambaye aliishi Tanganyika, baadaye Tanzania, kwa miaka mingi na kufunza katika chuo cha wanyamapori cha Mweka. Aliukata mswada wa babake ukabaki kama nusu. Kitabu cha pili kilihaririwa na wasomi wawili, Robert Lewis na Robert Fleming, ambao waliamua kuuchapisha karibu wote.

Tofauti yake ni kubwa. Kitabu cha Patrick kinakwenda mbio na kina umbo la riwaya. Kile cha wasomi kinajikokota: mizaha inarudiwa, mazungumzo ya kambini yanarefuka, na mwandishi anaonekana akitafuta njia ambayo bado hajaipata. Kwa anayetaka burudani, kifupi kinatosha. Hata hivyo, msomaji Mkenya ana sababu ya kukitafuta kile kirefu. Wahusika wengi ni Wakamba na Wamaasai, maneno ya Kiswahili yametapakaa kurasani, na mzungu anayesimulia anajiona ni mtu wao. Anayetaka kumshutumu Hemingway kwa namna alivyowachora wenyeji, au kumtetea, sharti awe na yakini kwamba anazungumza na Hemingway mwenyewe wala si makasi ya mwanawe.

Nayasema haya nikiwa mtu wa makasi. Kazi yangu ya kila siku ni kusafisha na kupunguza makala za wenzangu kabla hazijaenda mtamboni. Siku moja niliifuta sentensi niliyodhani imerudiwa kwa bahati mbaya. Mwandishi alinipigia simu kabla ya gazeti kufungwa, akanieleza kuwa mama mzee aliyehojiwa alilisema jambo hilo mara mbili kwa kusudi, na kwamba uchungu wake ulikuwa katika ile mara ya pili. Niliirudisha. Kwa mwandishi aliyefariki hakuna simu inayopigwa.

Hapa kwetu Afrika Mashariki jambo hili si geni hata kidogo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, na sehemu kubwa ya kazi tunazomsifia ilitoka baadaye. Kufikirika na Utenzi wa Vita vya Uhuru vilichapishwa mwaka 1967. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote vikafuata mwaka 1968. Wako waliovisoma shuleni wakidhani mwandishi alikuwa angali hai, akipokea barua za wasomaji.

Kosa linalotokana na dhana hiyo si dogo. Chukua Kufikirika, hadithi ya nchi ya kubuni na mfalme wake asiye na mrithi. Mwaka ulio kwenye kitabu ni 1967, mwaka lilipotolewa Azimio la Arusha, na mwanafunzi asiyejua zaidi huweza kuisoma kama maoni kuhusu serikali changa za baada ya uhuru. Ilhali Shaaban Robert aliiandika mwaka 1946, akiwa karani chini ya serikali ya Mwingereza, miaka 15 kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Mfalme yule hawezi kuwa rais yeyote tunayemjua. Nimewahi kusoma insha zenye Kiswahili safi ambazo hoja yake yote ilisimama juu ya tarehe hiyo ya mchapishaji.

Mwaka 2002 ilitoka pia Barua za Shaaban Robert 1931-1958, iliyohaririwa na Profesa M.M. Mulokozi. Hizi ni barua alizomwandikia nduguye, Yusuf Ulenge. Kinyume na riwaya zake, barua hizi hazikuandikwa ili zisomwe nasi, na msomaji hana budi kuziingia kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni wakati mwenye nyumba hayupo. Mambo ya nyumbani, ya kazi na ya uandishi yamo humo, na mtu anayetoka humo si yule mwalimu wa maadili tu tuliyezoea kumnukuu.

Aniceti Kitereza, wa kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, yeye ni kisa cha huzuni. Aliukamilisha mswada wake kwa lugha ya Kikerewe mwaka 1945, lakini hakupatikana mchapishaji wa kuigharimia lugha yenye wasemaji wachache. Baadaye akaitafsiri kazi hiyo mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikaikubali, ikapelekwa China kupigwa chapa, na mwaka 1981 mzee huyo akafariki nakala zikiwa bado hazijamfikia mikononi. Kitabu chenyewe ni Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka.

Kuhusu kitabu hicho msomaji hana sababu ya wasiwasi. Lugha ya Kiswahili iliyomo ni ya Kitereza mwenyewe, na mauti yalimnyima kukishika tu. Aidha, mwaka 2002 Gabriel Ruhumbika, Mkerewe mwenzake, alitoa tafsiri ya Kiingereza aliyoitoa moja kwa moja katika Kikerewe, hivyo anayezijua lugha hizo anaweza kulinganisha.

Muyaka bin Haji ni kinyume chake kabisa. Mshairi huyu wa Mombasa alifariki mnamo mwaka 1840 bila kuacha kitabu. Mashairi yake yalibaki vifuani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale hadi mwishoni mwa karne hiyo, mmishonari William Taylor alipoyakusanya kwa msaada wa Mwalimu Sikujua wa Mombasa. Taylor naye alifariki mwaka 1927. Diwani ilitoka mwaka 1940 mkononi mwa William Hichens, ikapigwa chapa Johannesburg, karne nzima baada ya mtunzi kuzikwa.

Mashairi hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na uandishi wa zamani wa herufi hizo haukutenganisha daima b na p, wala i na e, wala u na o. Kila aliyeyahamishia katika herufi za Kilatini alilazimika kuchagua neno moja na kuliacha jingine. Profesa Mohamed Abdulaziz aliyarudia katika kitabu chake cha mwaka 1979 na kueleza mazingira ya Mombasa ya wakati ule, vita na Lamu na ubishi na Waarabu wa Oman, ambayo bila hayo nusu ya mafumbo hayafumbuki. Anayesema leo kwamba anamsoma Muyaka, kwa hakika anawasoma watu wanne au watano kwa pamoja. Sidhani hilo ni hasara. Bila wao tusingekuwa na chochote.

Yapo pia mambo yaliyo mepesi zaidi. Mkusanyo wa kazi za Binyavanga Wainaina, How to Write About Africa, ulitoka mwaka 2022, miaka mitatu baada ya kifo chake, lakini nyingi ya makala hizo alikwisha kuzitangaza mwenyewe akiwa hai. Uwezo wa mhariri hapo ulikuwa katika kuchagua na kupanga.

Lililo gumu kuliko yote ni pale marehemu alipokataa. Franz Kafka alifariki Juni 1924 akiwa amemwachia rafikiye, Max Brod, maagizo kwamba maandishi yake yachomwe. Brod aliyachapisha: The Trial mwaka 1925, The Castle mwaka 1926, na riwaya ya tatu mwaka 1927. Mpangilio wa sura za The Trial aliuamua Brod, maana Kafka hakuwa ameupanga. Brod alijitetea kuwa alimwambia Kafka waziwazi, enzi za uhai wake, kwamba hatatii agizo kama hilo, na utetezi huo una uzito: mtu anayetaka kweli karatasi zake ziteketezwe hamwachii aliyekwisha kukataa.

Wana wa Gabriel García Márquez hawana utetezi huo. Baba yao, akiwa amedhoofika kumbukumbu, aliamua kuwa mswada wa riwaya yake ya mwisho haufai na uharibiwe. Alifariki Aprili 2014, na Machi 2024 wanawe wakauchapisha. Katika dibaji wanakiri kuwa ni kumsaliti, kisha wanaeleza kwamba huenda maradhi yaliyomzuia kuimaliza hadithi ndiyo yaliyomzuia pia kuuona uzuri wake. Hoja hiyo haiwezi kupingwa wala kuthibitishwa, na ndiyo sababu hainiridhishi. Riwaya yenyewe ni nyembamba. Hata hivyo nimeisoma hadi mwisho, na sijui kama nina haki ya kuwalaumu walioniwezesha.

Wenye kauli katika mambo haya aghalabu ni warithi. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 iliweka ulinzi wa kazi ya fasihi kwa miaka 50 baada ya kumalizika kwa mwaka aliofariki mtunzi, na katika muda huo aila ndiyo inayoweza kukubali au kukataa. Msomaji, kwa upande wake, aanzie kwenye kurasa ambazo wengi huziruka, yaani dibaji, maelezo ya mhariri na ukurasa wa mchapishaji. Atafute kazi iliandikwa lini, ilikuwa imefikia wapi, nani aliikata na kama lipo toleo jingine. Kitabu cha marehemu kisichosema lolote kuhusu hayo kisinukuliwe kama kauli yake ya mwisho.

Tukirudi kambini kwa Hemingway, tumeweza kuvilinganisha vitabu vile viwili kwa sababu moja tu. Baada ya Patrick kukata nusu ya mswada, ile nusu nyingine haikutupwa. Mswada mzima ulikuwa umehifadhiwa katika maktaba ya Rais John F. Kennedy mjini Boston, na humo ndimo wale wasomi wawili waliukuta.