Injini ya ndege ndogo: Saa chache si ushahidi wa uzima

NDEGE yenye injini moja inapovuka bahari kutoka Dar es Salaam kwenda Zanzibar, safari ya takriban dakika 20, rubani wake hana injini ya akiba. Ikiwa ni Cessna 172 na injini ikazimika katika kimo cha futi 3,000, ndege hiyo huweza kuteleza hewani kiasi cha kilomita nane tu kabla ya kugusa maji. Ndiyo maana hitilafu iliyojificha hutafutwa nchi kavu, ndani ya hangari, na mtu mwenye muda wa kutosha na mikono isiyo na haraka.

Injini zinazozungumziwa hapa ni zile za pistoni zinazotumia petroli ya ndege, hasa za kampuni za Marekani za Lycoming na Continental. Ndizo zinazofungwa katika Cessna 172, Cessna 206 na aina nyingi za Piper. Cessna Caravan, ambazo abiria wa Dar es Salaam, Arusha na Nairobi wamezizoea, hutumia injini za tabo, na ukaguzi wake ni somo jingine.

Swali la kwanza la mtu anayenunua ndege iliyokwishatumika huwa ni moja: injini ina saa ngapi? Lycoming aina ya O-360, kwa mfano, hupendekezwa ifumuliwe na kuundwa upya baada ya saa 2,000 za kuruka, na Continental aina ya IO-520 baada ya saa 1,700. Kwa hesabu hiyo, injini yenye saa 400 tu tangu ifumuliwe huonekana bado mbichi, na bei yake hupanda.

Hesabu hiyo hudanganya. Saa 400 zilizotapakaa katika miaka 15 si sifa njema, ni dalili ya injini iliyokaa muda mrefu bila kazi, na injini isiyofanya kazi huliwa na kutu. Lycoming yenyewe hupendekeza injini ifumuliwe ifikapo mwaka wa 12 hata kama saa zake hazijatimia. Ndege ya chuo cha urubani inayoruka kila siku, japo imechakaa rangi na viti vimechanika, mara nyingi huwa na injini salama kuliko ndege inayong'aa ya tajiri anayeruka mara mbili kwa mwaka.

Sababu yake ni ya kimaumbile. Katika injini nyingi za Lycoming, kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, imekaa juu ya krenkshafti. Injini ikizimwa, oili huteremka chini taratibu na kuiacha kamshafti ikiwa kavu. Mjini Mombasa, Zanzibar au Mafia, ambako hewa ina unyevu na chumvi, kutu huanza kushika sehemu hiyo. Siku injini itakapowashwa, madoa hayo ya kutu hugeuka msasa, na uso mgumu wa chuma huanza kumeguka chembe kwa chembe. Jambo hili halionekani kwa nje. Katika injini nyingi za aina hiyo, fundi hawezi kuiona kamshafti mpaka ang'oe silinda.

Wapo wamiliki wanaodhani wamepata dawa kwa kuiwasha injini kila wiki uwanjani kwa dakika kumi na kuizima. Kwa kweli huo ni mchango kwa kutu. Mwako huzalisha maji, na maji hayo hayatoki ndani ya oili mpaka injini ipate moto wa kutosha, yaani oili ifikie takriban nyuzi joto 80 na kukaa katika joto hilo kwa muda. Hilo hupatikana angani, si katika maegesho.

Kwa kuwa kamshafti haionekani, ushahidi hutafutwa katika oili. Katika ukaguzi wa kawaida, oili na filta hubadilishwa kila baada ya saa 50. Fundi makini haitupi filta ya zamani. Huikata kwa kifaa maalumu kisichoacha vipande vya chuma, akaikunjua karatasi yake yote na kuitazama katika mwanga mkali. Kisha hupitisha sumaku. Chembe zinazonasa ni za chuma, na huenda zimetoka katika kamshafti, gia au kuta za silinda. Zile zisizonasa huenda ni za alumini, kutoka katika pistoni au sehemu nyingine laini. Chembe mbili tatu katika injini mpya si ajabu, lakini filta inayometameta kama imenyunyiziwa pambo la harusi ni sababu ya kuisimamisha ndege siku hiyo hiyo.

Aidha, sampuli ya oili hupelekwa maabara kupimwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Hapa kipimo kimoja hakisemi mengi, kinachotazamwa ni mwenendo wa vipimo kadhaa. Chuma kikipanda kutoka sampuli moja hadi nyingine, kuna kinachosagika au kinachopata kutu. Silikoni ikipanda, injini inakula vumbi, jambo la kutarajiwa kwa ndege zinazotua katika viwanja vya udongo vya Serengeti au Maasai Mara huku chujio la hewa likiwa limelegea.

Kipimo kinachofahamika zaidi ni cha mgandamizo. Injini ikiwa bado ya moto, pistoni huwekwa juu kabisa, hewa yenye nguvu ya paundi 80 kwa inchi ya mraba huingizwa ndani ya silinda, na geji ya pili huonyesha kiasi kinachobaki. Silinda nzuri huandikwa 75 kwa 80 au zaidi. Kazi hii huhitaji msaidizi aliyeishika propela barabara, kwa kuwa hewa hiyo yaweza kuizungusha ghafla na kumjeruhi mtu vibaya.

Hata hivyo, masikio ndiyo yanayotoa habari kamili kuliko geji. Hewa ikisikika inafoka katika bomba la moshi, valvu ya kutolea moshi haifungi sawasawa. Ikisikika upande wa kuingizia hewa, tatizo liko katika valvu ya upande huo. Ikipumua kupitia tundu la kujazia oili, inapita kandokando ya ringi za pistoni. Kasoro ya ringi huvumilika kwa kiasi. Ya valvu ya moshi haivumiliki, kwa maana valvu iliyoanza kuungua yaweza kuvunjika angani.

Mwaka 2003 Continental ilitoa waraka uliotaka kipimo hicho kiambatane na kuchungulia ndani ya silinda kwa boroskopu, kamera nyembamba inayopitishwa katika tundu la plagi. Valvu yenye afya huonyesha rangi zilizopangika kwa duara kutoka katikati. Inayoungua huwa na rangi iliyoegemea upande mmoja wa ukingo, mahali gesi ya moto inapopenya. Dalili hiyo yaweza kuonekana kabla geji haijalalamika.

Magneto nazo zina hila yake. Kabla ya kuruka, rubani huzima magneto moja baada ya nyingine, na mizunguko ya injini hushuka kidogo, kwa kawaida isizidi 125 hadi 175 kwa dakika kutegemea aina ya ndege. Wengi hushtuka ikishuka mno. Wachache hushtuka isiposhuka kabisa, ilhali hiyo huweza kumaanisha kuwa magneto haizimiki, na injini iliyodhaniwa imelala huweza kuwaka mtu akiigusa propela kwa mkono.

Kisha kuna historia isiyoandikwa. Propela iliyogonga ardhi wakati wa kutua huweza kubadilishwa kwa siku moja, lakini kishindo chake huwa kimepita ndani ya krenkshafti. Mwaka 2004 mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani iliagiza kwamba injini za Lycoming zilizopatwa na mkasa huo zikaguliwe gia ya krenkshafti pamoja na bolti na pini yake. Nyufa za chuma hicho hutafutwa kwa sumaku na unga maalumu unaokusanyika penye ufa. Mnunuzi akikuta propela mpya katika ndege kuukuu, na kitabu cha kumbukumbu kikiwa kimya, ana haki ya kuuliza ya zamani ilikwenda wapi.

Bomba la moshi hupuuzwa kuliko vyote. Katika ndege nyingi ndogo, hewa ya kuwapasha abiria joto hupita kandokando ya bomba hilo. Penye ufa, gesi ya kaboni monoksaidi huingia ndani bila harufu. Januari 21, 2019 ndege aina ya Piper Malibu iliyombeba mwanasoka wa Argentina, Emiliano Sala, kutoka Nantes kwenda Cardiff ilianguka baharini karibu na kisiwa cha Guernsey. Wachunguzi wa Uingereza walikuta damu ya Sala ina asilimia 58 ya gesi hiyo. Katika taarifa yao ya mwaka 2020 walieleza kuwa rubani naye huenda alikuwa ameathirika kabla ya kushindwa kuimudu ndege, na kwamba chanzo cha gesi huenda kilikuwa hitilafu ya mfumo wa moshi. Huku pwani kipasha joto hakikumbukwi, lakini rubani anayeondoka Wilson, Nairobi, asubuhi ya Julai hukifungua bila kufikiri.

Baada ya ukaguzi, ndege iliyokutwa na chembe chache za kutilia shaka hairudishwi moja kwa moja katika ratiba. Hurushwa karibu na uwanja kwa saa kama 10, ikiwa juu ya ardhi inayoruhusu kutua, kisha filta hukatwa tena na kukunjuliwa.