Macho Mekundu: Maana na Matumizi katika Usukuma

Katika Kiswahili cha mwambao sifa za macho mara nyingi husema juu ya moyo kuliko juu ya jicho lenyewe. Mwenye macho makavu si mgonjwa, bali hana haya. Na kijicho, ambacho kwa umbo ni jicho dogo tu, ni husuda. Macho mekundu nayo yaweza kuwa ya ghadhabu, ya kilio, au ya mtu aliyekesha. Maana hizo hupita pamoja na hali iliyozizaa.

Huko Busisi, ambako tangu Juni 2025 daraja limeungana na Kigongo juu ya Ghuba ya Mwanza, na katika Usukuma kwa jumla, maneno hayo hayo yalipata maana isiyopita. Yalikuwa alama ya mchawi, hasa mwanamke mzee. Kisarufi hapana kilichobadilika. Sifa iliacha kueleza ikaanza kushtaki.

Asili ya wekundu huo ni jikoni. Miti ilikatwa ili kufukuza mbung'o na kupata mashamba ya pamba na malisho, kuni zikawa haba, na wanawake wakapikia mabua na mavi makavu ya ng'ombe ndani ya nyumba zenye hewa kidogo. Moshi wa miaka mingi, pamoja na ugonjwa wa vikope, ukawachoma macho. Basi aliyewapikia wengine maisha yake yote ndiye aliyebeba alama. Mume aliyeota moto uani hakuipata kwa kiasi hicho.

Takwimu alizozichapisha Simeon Mesaki zaonyesha kwamba kati ya 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa kudhaniwa wachawi, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu ya mauaji yalitokea Usukuma. Sheria ya Uchawi ya 1928 hukataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Lakini asemaye "bibi yule ana macho mekundu" ametaja rangi tu, na ni taabu kumthibitishia kosa.

Huenda mtunga kamusi akaona haya kuiandika maana hii. Akiiacha, hakimu aliyelelewa Pwani ataisoma kauli ya shahidi wa Sengerema, naye ataona humo habari ya moshi.