Mshipi Nyuma ya Chombo: Historia ya Kurambaza, kutoka Jeddah hadi Maziwa ya Afrika

Aliyekulia Mwanza au Kisumu akienda kufanya kazi Riyadh hukosa kitu kimoja mapema sana: ziwa. Saudi Arabia ni nchi kubwa kuliko zote duniani isiyo na mto unaotiririka mwaka mzima, na mji wake mkuu umejengwa kwenye uwanda mkavu ulio mamia ya kilomita kutoka bahari yoyote. Hata hivyo, si kweli kwamba bara lile halikupata kuwa na ziwa. Takriban kilomita 300 kusini mwa Riyadh, karibu na mji wa Layla katika wilaya ya al-Aflaj, kulikuwa na mabwawa makubwa ya asili yaliyolishwa na chemchemi. Mwingereza Harry St John Philby aliyaona katika safari yake ya 1918 akayaeleza katika maandishi yake. Mifereji ya kale ilichota maji hapo kumwagilia mitende. Kisha zikaja pampu za kisasa na mashamba makubwa yaliyonyonya maji ya ardhini, na kabla karne ya 20 haijaisha mabwawa yalikuwa yamekauka. Leo pana mashimo matupu yenye kingo za jasi.

Ninaanza na maji hayo yaliyokufa kwa sababu habari za uvuvi kwa kawaida huandikwa kana kwamba ndoana ndiyo mwanzo wa kila kitu. Mwanzo ni maji. Katika aina ya uvuvi ninayoizungumzia hapa, yaani kurambaza, mvuvi hukokota mshipi wenye chambo nyuma ya chombo kinachokwenda, ili samaki mla wenzake adhani windo linamkimbia. Kazi hiyo inataka maji mapana yenye kina. Tena chombo chenyewe ni zana. Kila kilipobadilishiwa kinachokisukuma, kutoka kafi hadi tanga na kutoka tanga hadi mashine, mshipi, risasi na chambo vililazimika kubadilika pia. Hiyo ndiyo hoja yangu: kurambaza hubadilika kwa mwendo wa chombo kuliko kwa ufundi wa ndoana.

Riyadh ya sasa ina maji yake ya kutengenezwa. Wadi Hanifa, bonde lenye urefu wa kilomita 120 hivi, lilikuwa jalala kabla ya kusafishwa na kupandwa miti upya, na mradi huo ukapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan mwaka 2010. Maji yanayopita humo kwa sehemu kubwa ni maji machafu ya jiji yaliyosafishwa, na perege wanaishi ndani yake. Upande wa kusini, kuelekea al-Ha'ir, wako watu wanaokaa ukingoni na ndoana zao. Kurambaza hakuna, maana maji ni membamba na hayana kina. Mkazi wa Riyadh anayetaka kukokota mshipi husafiri: mashariki hadi Ghuba, au magharibi karibu kilomita 950 hadi Jeddah.

Jeddah ni habari nyingine kabisa. Khalifa Uthman bin Affan aliifanya bandari ya Makka mwaka 647, na tangu hapo mahujaji na wafanyabiashara kutoka pwani yetu wamekuwa wakishukia hapo. Mji wake wa kale, al-Balad, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, kama majumba ya Lamu na Mji Mkongwe. Matumbawe yayo hayo ndiyo yaliyofundisha watu wa Hijazi kuvua. Miamba imejipanga sambamba na pwani, na nje ya kila mwamba bahari huporomoka ghafla kwenda kina kirefu. Samaki wadogo hukaa juu ya mwamba. Wakubwa hupita kando yake wakiwanyemelea. Nguru, ambaye Wahijazi humwita dirak, hupatikana hasa kwenye mpaka huo, pale maji ya kijani kibichi yanapogeuka buluu nzito.

Vyombo vya kazi hiyo vilikuwa vidogo. Palikuwa na sambuku za tanga, na palikuwa na hori, mtumbwi wa gogo ulioletwa kutoka pwani ya Malabar huko India, ambao ulitumika katika Bahari ya Shamu kama ulivyotumika Lamu na Unguja. Upepo unaotawala Jeddah hutoka kaskazini-magharibi na hupata nguvu mchana, kwa hiyo alfajiri, wakati wa upepo mwepesi wa nchi kavu, ndio wakati mzuri wa kutoka.

Fikiria ugumu wa kurambaza kwa tanga. Upepo ukilegea, chombo hupunguza mwendo, chambo huzama na kunasa kwenye mwamba. Upepo ukizidi, chambo huruka juu ya maji na samaki hakikaribii. Mvuvi hana usukani wa kasi. Ana mikono yake tu. Hivyo huvuta mshipi upesi chombo kinapolegea, huuachia kinapokaza, huongeza chubwi, yaani risasi ya kuzamishia, au kuipunguza, huku nahodha akibana tanga au kulilegeza ili apite ukingoni mwa mwamba bila kuugusa. Mshipi ulishikwa mkononi, na kidole ndicho kilichohisi kama ni jani la mwani au ni samaki. Chambo kilikuwa ukanda wa nyama ya tumbo la samaki, au samaki mdogo mzima aliyeshonwa kwenye ndoana ili asizunguke, au kitambaa cheupe na manyoya yaliyofungwa vizuri. Mbele ya ndoana uliwekwa waya, kwa kuwa meno ya nguru hukata uzi kama wembe.

Wavuvi wa Unguja, Pemba na Mafia walikuwa na jawabu lao kwa tatizo lilelile. Ngalawa yenye matengo mawili husimama imara hata tanga likijaa, kwa hiyo hupita juu ya mawimbi kwa mwendo usioyumba sana, na chambo nyuma yake huogelea sawasawa. Wengi husifu ngalawa kwa uzuri wake na kwa mashindano. Mimi naona sifa yake kubwa ni hiyo: ni chombo chepesi, cha bei nafuu, kinachoweza kukokota mshipi kwa mwendo wa nguru bila kutumia tone la mafuta.

Mshipi wa zamani ulikuwa wa pamba. Ulilowa, ukavimba, ukaoza usipoanikwa kila siku. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilienea kila pwani. Uzi wake hauozi, hauonekani sana majini, nao ni mwembamba kwa nguvu zilezile. Wembamba huo ni jambo kubwa kuliko linavyodhaniwa, kwa sababu uzi mnene husukumwa na maji na kuinua chambo juu, ilhali uzi mwembamba hukiacha kizame.

Ziwani, kina ndicho kinachoamua kila kitu. Baharini nguru hupanda hadi karibu na uso wa maji. Ziwani samaki anayetafutwa mara nyingi yuko chini, na chombo kinapaswa kwenda polepole. Katika ziwa Windermere, kaskazini mwa Uingereza, wavuvi wa samaki aitwaye char walibuni namna yao: mashua ya makasia, fito mbili ndefu zilizotokeza kulia na kushoto, na kila ufito ukiwa na mshipi wenye risasi nzito chini na matawi kadhaa ya chambo cha vibati vya madini kwa vina mbalimbali. Kengele ndogo iliyofungwa kwenye ncha ya ufito ililia samaki alipouma, kwa kuwa mikono ya mvuvi ilikuwa kwenye makasia. Vibati hivyo vya shaba na fedha vilitengenezwa kwa mkono, na familia zilirithishana umbo lake.

Marekani, Julio Buel alipata hataza ya chambo cha madini kinachozunguka mwaka 1852. Mwaka 1909 Ole Evinrude akaanza kuuza mashine ya kufunga nyuma ya mashua, na kuanzia hapo mvuvi akawa na kasi anayoichagua mwenyewe. Bado nchini Finland mtu maskini aliendelea kupiga makasia. Lauri Rapala, mvuvi wa ziwa Päijänne, aliona kwamba samaki mkubwa humchagua yule mdogo anayeyumba kama mgonjwa. Mwaka 1936 akachonga chambo cha gome laini, akakifunika kwa karatasi ing'aayo ya chokoleti na kukipaka filamu za picha zilizoyeyushwa. Kilipokokotwa polepole kiliyumba kama alivyotaka. Viwanda vya chambo bandia duniani kote bado vinafuata wazo lile.

Chambo bandia cha namna hiyo mara nyingi huwa na kidomo bapa mbele. Chombo kinapokwenda, maji hugonga kidomo hicho na kukisukuma chambo chini. Kidomo kikiwa kirefu na kimelala, chambo huzama zaidi. Kwa vina vikubwa zaidi, wavuvi wa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini walitumia tufe zito la risasi lililoshushwa kwa waya, na mshipi ukabanwa juu yake kwa kibanio kinachoachia samaki akiuma. Zana hiyo ilipata soko kubwa baada ya jimbo la Michigan kupandikiza samaki wa jamii ya samoni mwaka 1966, ili wale samaki wadogo wageni waliokuwa wamejaa ziwani.

Afrika nayo ilikuwa na jaribio lake la kupandikiza, lenye gharama kubwa zaidi. Sangara wa asili anaishi Mto Nile, Ziwa Albert na Ziwa Turkana. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 alitiwa Ziwa Victoria, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ilikuwa burudani ya wavuvi wa fito. Mwanasayansi Geoffrey Fryer alionya mapema, mwaka 1960. Katika miaka ya 1980 sangara walifurika, na mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu wakatoweka au wakabaki wachache mno. Viwanda vya minofu vilileta fedha, ni kweli. Lakini hasara ile haitarudishwa, na inanisikitisha kwamba burudani ya wachache ilihesabiwa kuwa hoja.

Sangara huvuliwa zaidi kwa nyavu na kwa mishipi mirefu yenye ndoana nyingi. Kurambaza kumebaki kwa wageni, kwa mfano katika Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Rubondo iliyoanzishwa mwaka 1977. Mashua ndogo hupita kwa mwendo wa mtu anayetembea, ikifuata miamba na ncha za visiwa, na chambo chenye kidomo huyumba mita chache juu ya mawe. Waya si lazima, kwa sababu meno ya sangara ni kama msasa. Nailoni nene inatosha. Ziwa Turkana ni tofauti, kwa kuwa kuna samaki mwenye meno marefu wa jamii ya Hydrocynus, na huko waya unarudi. Wala hakuna faida kushusha chambo hadi chini kabisa: katika miezi ambayo maji ya Victoria hayachanganyiki, tabaka la chini hukosa oksijeni, na samaki hukaa juu yake.

Kwa mtu wa Jeddah, ziwa kubwa la karibu la kurambaza liko ng'ambo ya Bahari ya Shamu na jangwa la Nubia: Ziwa Nasser, lililotokana na Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970. Vilima vilivyozama vimekuwa maficho ya sangara. Mwaka 2000 alivuliwa humo sangara wa kilo 104.3, aliyeandikwa kuwa rekodi ya dunia kwa uvuvi wa ndoana na ufito.

Jeddah kwenyewe mashua za fiba na mashine zimechukua nafasi ya tanga. Katika ghuba ya Sharm Obhur, kaskazini mwa jiji, mashua za burudani zimejipanga na vifaa vya kupima kina kwa sauti. Mvuvi anajua mwamba ulipo bila kutazama rangi ya maji. Anavua kwa urahisi zaidi, na sioni kosa katika hilo. Ila makumbusho yetu, ya Hijazi na ya Waswahili, yamehifadhi vyombo kuliko zana na maarifa ya kuzitumia. Hata vyombo haviko salama: jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib huko Unguja, lililokuwa na mtepe, yaani chombo cha mbao zilizoshonwa, ndani yake, lilibomoka sehemu tarehe 25 Desemba 2020.

Wazee waliorambaza kwa tanga wangalipo Mafia, Pemba, Lamu na Jeddah. Msomaji mwenye babu au mjomba wa namna hiyo na amwendee mwaka huu akiwa na daftari na simu ya kurekodi. Amuulize mshipi ulikuwa na pima ngapi, chubwi ilifungwa umbali gani kutoka kwenye ndoana, chambo kilishonwaje, na alijuaje kwamba chombo kinakwenda kasi kupita kiasi. Kisha apeleke nakala kwenye makumbusho iliyo karibu naye.