Saa ya Jua na Saa ya Garimoshi: Historia ya Hesabu ya Wakati katika Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

1. Utangulizi

Vitabu vingi vya kuwafundishia wageni Kiswahili hulimaliza suala la saa kwa kanuni moja fupi: ongeza sita, au toa sita. Kanuni hiyo humfaa msafiri anayechelea kuachwa na basi, lakini haimtoshi mwanafunzi wa lugha, kwani huifanya saa ya Kiswahili ionekane kuwa ni saa ya Kizungu iliyopinduliwa. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hesabu hii ina historia yake, na kwamba historia hiyo huonekana waziwazi zaidi mahali kama Nakuru, ambako saa ya pwani, saa ya reli na saa ya serikali zilikutana.

2. Asili ya hesabu

Neno saa asili yake ni Kiarabu, na ndugu zake ni majina ya nyakati za sala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Katika hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, na usiku huutangulia mchana wake. Kwa sababu hiyo, kwa desturi ya pwani, usiku wa Ijumaa ni ule unaofuata mchana wa Alhamisi.

Hesabu ya saa kumi na mbili za usiku na kumi na mbili za mchana haiwezi kufaa kila mahali kwa kiasi kimoja. Mjini London mchana wa Desemba haufiki saa 8, na ule wa Juni huzidi saa 16. Mwenye kuanzia hesabu yake macheo angelazimika kuirekebisha saa yake ya mkononi kila mara. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini ya Ikweta, na Nakuru haifiki hata nusu ya nyuzi moja. Huku mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, na hesabu ya jua ikaweza kupatana na mashine bila ugomvi mkubwa.

Hesabu hii ilipoingia bara haikubaki katika Kiswahili peke yake. Kikuyu kina thaa na Kiganda kina ssaawa, na katika lugha zote mbili saa ya tatu ya asubuhi ni ile ambayo Mwingereza huiita ya tisa. Lugha hizi hazikukopa neno tupu. Zilikopa neno pamoja na hesabu yake.

3. Reli na sheria

Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka 1896. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na ukingoni mwa Ziwa Viktoria, mahali paitwapo Kisumu leo, mwezi Desemba 1901. Sasa basi, jua huchukua dakika 4 kuivuka nyuzi moja ya longitudo. Adhuhuri ya Mombasa huitangulia ile ya Nakuru kwa dakika 14 hivi, na ile ya Kisumu kwa dakika 20 hivi. Kwa mwendo wa miguu tofauti hiyo si kitu. Kwa magari mawili yanayoelekeana juu ya njia moja ya chuma, dakika 20 ni jambo la kufa na kupona. Reli haiwezi kuendeshwa kwa jua la kila stesheni.

Mkutano wa Washington wa mwaka 1884 ulikuwa umekwisha kuichagua longitudo ya Greenwich kuwa chanzo cha hesabu ya dunia. Mwezi Mei 1908 serikali ya Himaya ya Afrika Mashariki ya Kiingereza iliweka saa rasmi iliyoitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 30. Baadaye kipimo kilibadilishwa mara nne. Mwisho wa Juni 1928 kilipandishwa kuwa saa 3 kamili. Januari 1930 kikarudishwa kwenye saa 2 na dakika 30. Mwisho wa mwaka 1936 kikawekwa katikati, saa 2 na dakika 45. Na mwisho wa Julai 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikawa tena saa 3 kamili, nacho ndicho kinachotumika hadi leo.

4. Jina lililobaki, jua lililosogea

Nakuru iko karibu na nyuzi 36 za longitudo mashariki, kwa hiyo saa yake ya jua huitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 24 hivi. Saa rasmi ya mwaka 1908 iliizidi kwa dakika 6 tu. Mkazi wa Nakuru wa miaka hiyo aliposema saa kumi na mbili asubuhi, jua, kwa wastani, lilikuwa ndiyo kwanza linachomoza. Kwa kipimo cha mwaka 1936 tofauti ilifika dakika 21, na kwa kile cha mwaka 1942 dakika 36. Leo jua la Nakuru huchomoza kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, kwa kadiri ya mwezi.

Lugha haikubadili hata neno moja. Saa kumi na mbili ilibaki saa kumi na mbili, ijapokuwa jua lilisogezwa mara nne chini yake. Kwa hiyo maelezo yasemayo kwamba saa moja asubuhi ni mwisho wa saa ya kwanza tangu macheo yanaeleza asili, hayaelezi matumizi ya sasa. Saa ya Kiswahili ilizaliwa na jua, lakini imeolewa na mashine. Wanaotunga kamusi hawana budi kuyatenga mambo haya mawili.

5. Kulinganisha saa za mbali

Mkutano uliowekwa Nakuru saa kumi alasiri huwa ni saa kumi na moja jioni kwa Mswahili aliyeko Muscat. Kwa aliyeko London ni saa saba mchana mwezi Januari, na saa nane mwezi Julai, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao wakati wa kiangazi. Hesabu yote imefanyika ndani ya Kiswahili. Haikuhitaji kupita kwanza katika saa za Kizungu.

Ugumu wa kweli uko kwenye tarehe. Nakuru ikiwa ni saa nane usiku, Jumanne ya Januari kwa hesabu ya serikali, London ni saa tano usiku, nayo bado ni Jumatatu. Hapa Kiswahili kina chombo ambacho waandishi wa habari hukitumia kila siku: usiku wa kuamkia Jumanne. Maneno hayo ni kweli katika miji yote miwili, kwa kuwa huutaja usiku kwa mchana unaoufuata, kama ilivyokuwa desturi ya pwani. Yameyapatanisha machweo ya Mwislamu na usiku wa manane wa serikali.

6. Hitimisho

Simu za leo zinazowekewa Kiswahili huandika majina ya siku kwa Kiswahili, lakini nambari za saa hubaki za Kizungu. Msomaji huambiwa 9:00 asubuhi, naye hutamka saa tatu. Baadhi ya vijana husoma kama ilivyoandikwa, wakasema saa tisa asubuhi. Tukinyamaza, nambari itaishinda lugha kwa jambo ambalo sheria nne hazikuliweza. Yafaa walimu na watunga istilahi waidai hesabu hii katika ratiba, katika mitihani na katika programu za simu. Hata hivyo, kila saa iandikwe pamoja na jina la wakati wake, asubuhi, alasiri au usiku, kwani jina hilo ndilo linalobeba nusu ya maana.