Hashiya za Wageni Juu ya Ufuo wa Nyasa

Hashiya ni maelezo ambayo msomaji huyaandika pembezoni mwa matini ya mtu mwingine, na aghalabu mwenye matini haombwi ruhusa. Ufuo wa mashariki wa Ziwa Nyasa, ambao sehemu yake ilikuwa chini ya Wilaya ya Mbinga kabla ya kuundwa kwa Wilaya ya Nyasa, uliandikiwa hashiya za namna hiyo na wageni waliokuja na ramani zao.

Wajerumani walilifananisha jiwe kubwa la Pomonda, lililosimama majini mbele ya Liuli, na sanamu mashuhuri ya Misri ya kale, wakaiita bandari hiyo Sphinxhafen. Manda, iliyo kaskazini zaidi, wakaiita Wiedhafen. Hapo Liuli, mwezi Agosti 1914, meli ya Kiingereza Guendolen iliipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huku nahodha wake akiwa hajapata habari kwamba Vita vya Kwanza vya Dunia vimeanza. Aliyeongoza shambulio hilo, Rhoades, ndiye aliyeshiriki miaka ya nyuma kulipima ziwa na kulichorea ramani, kwa hiyo hakuhitaji kuonyeshwa njia.

Utawala wa Kijerumani ulipoondoka, majina yake yaliondoka nao, na wenyeji wakabaki na Liuli yao na Manda yao bila kulazimika kumjibu yeyote kwa maandishi. Kiingereza kilishika zaidi, kwani Mbamba Bay hadi leo inabeba neno lake.

Hashiya iliyokataa kufutika ni ile ya mkataba wa Julai 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani, ambao uliupitisha mpaka kando ya ufuo wenyewe, hivyo kwamba, ukisomwa neno kwa neno, mvuvi wa Liuli anayesukuma mtumbwi wake kwenda kuvua usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo, yumo ugenini mara tu anapoacha mchanga. Mwaka 1967 Tanzania iliiandikia Malawi ikishikilia kwamba mpaka upite katikati ya maji, dai ambalo Malawi ililikataa. Mgogoro uliibuka tena mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, ukapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano, lakini usuluhishi huo haukuzaa makubaliano juu ya mpaka.