Dalali, Wakala na Mwenyeji: Mtu wa Kati katika Biashara ya Pwani

Neno dalali lilitujia kutoka lugha ya Kiarabu, na asili yake ni kitendo cha kuonyesha njia. Shina lilo hilo ndilo lililotupa neno dalili. Kwa asili, basi, dalali ni mtu aonyeshaye: humwonyesha mnunuzi mahali ilipo mali, na mwenye mali humwonyesha alipo mnunuzi. Lakini katika mazungumzo ya watu wengi neno hili lina harufu mbaya, na aitwaye dalali hudhaniwa kuwa ala jasho la wenziwe. Yafaa tuitazame kazi yenyewe ilivyokuwa katika nyakati mbalimbali, ili tupate kujua kama lawama hiyo yaifuata kazi au yawafuata waitendao.

Ushahidi wa zamani tulio nao ni wa Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331. Asimulia kwamba jahazi likiingia bandarini, vijana wa mji walilikaribia kwa mashua, kila mmoja amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa, akampa mfanyabiashara mmoja na kusema kuwa huyo ni mgeni wake. Mgeni hakushuka ila nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia na kumnunulia. Aliyenunua mali ya mgeni kwa bei ya chini mno, au aliyemwuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara yake ilihesabiwa kuwa batili. Aliyekwisha kuuzoea mji na watu wake hakufungwa na desturi hiyo. Hapa twaona jambo kubwa: mtu wa kati aliwekwa kwa sababu ya ugeni, na ugeni ulipokwisha, haja yake nayo ilikwisha.

Katika karne ya 19 mambo yalikuwa mengine huko Unguja. Tangu miaka ya 1830 nyumba ya Jairam Shivji iliikodi forodha ya Sultani: ilimlipa kiasi kilichoafikiwa kwa mwaka, kisha ikajikusanyia ushuru. Mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoingizwa. Richard Waters, balozi wa Marekani aliyefika mwaka 1837, alishirikiana na Jairam hata wafanyabiashara wengine, Wamarekani wenziwe wakiwamo, wakalalamika kuwa wamefungiwa mlango. Upande wa bara, Taria Topan aliwakopesha mali wenye misafara, miongoni mwao Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, nao wakalipa kwa pembe. Pasipo mkopo huo misafara mingi isingaliondoka pwani. Lakini mkopeshaji hakuwa tena mwonyesha njia tu. Alikuwa ameishika njia yenyewe.

Wala haifai kuificha aibu iliyo kubwa kuliko zote. Katika soko la watumwa la Unguja, lililofungwa kwa mkataba wa mwaka 1873, dalali aliwatembeza wanadamu na kuwanadi kama bidhaa. Harufu mbaya ya neno, kwa hiyo, haikosi sababu.

Walikuwapo waliojaribu kumwondoa mtu wa kati kwa sheria. Mwaka 1937 Serikali ya Unguja ilikipa Chama cha Wakulima wa Karafuu haki ya peke yake ya kununua karafuu za kupelekwa nje. Wafanyabiashara wa Kihindi wakasusa, na chama cha Congress huko Bara Hindi kikawataka watu wasinunue karafuu za Unguja. Biashara ikaharibika, na mwaka 1938 yakafanywa mapatano yaliyowarudisha wafanyabiashara katika kazi hiyo. Chama kilikuwa na ghala na sheria. Hakikuwa na wanunuzi.

Ajabu ni kwamba kompyuta nazo zimemhitaji dalali. Mwaka 1991 jumuiya iitwayo Object Management Group ilitoa kanuni za CORBA, ambazo kiini chake ni programu itendayo kazi ya udalali. Programu yenye haja humpa dalali huyo ombi lake. Yeye hulifikisha kwa programu iwezayo kulitimiza, hata ikiwa katika mashine nyingine na imeandikwa kwa lugha nyingine, kisha huleta jibu. Ni kazi ya mwenyeji wa Mogadishu. Vivyo hivyo M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, haikumfuta mtu wa kati; imemweka wakala katika kila mtaa, kwa kuwa lazima pawepo mtu wa kupokea fedha taslimu na kuzitoa.

Kwa hayo twaona kuwa kazi ya dalali haizaliwi na uvivu. Huzaliwa na umbali baina ya watu wasiojuana. Tofauti baina ya mwenyeji wa Mogadishu na mkodi wa forodha si tofauti ya kazi, bali ya mipaka. Wa kwanza alibanwa na desturi iliyovunja biashara ya hila. Wa pili hakuwa na wa kumbana, maana mwenye nchi mwenyewe alimtegemea kwa mapato. Aonyeshaye njia aweza pia kuificha. Kwa hiyo swali la kuuliza, pwani kama katika mitambo, si kama dalali awepo, bali ni nani amtazamaye dalali.